Nyota Katikati ya Jina

Bi Mwanatumu huuza mahamri mlangoni kwake, Kibokoni, Mombasa. Alfajiri karai liko motoni. Jirani yake, Bi Fairuz, ndiye mteja wa kwanza, na ulimi wake hutangulia.

"Yale mahamri mawili, na baba yako je, kashaandika barua?"

"Fairuz, koma!"

"Alioa huko Ulaya yule. Ana wajukuu wenye macho ya paka."

Bi Mwanatumu ageuza mahamri karaini. Baba yake, Athmani Mwinyikombo, aliondoka mwaka 1953. Alikuwa mtia makaa melini. Hakurudi, wala hakuna habari iliyofika. Mkewe alimngoja mpaka akafa yeye, bila kukaa eda ya mjane. Sasa Bi Mwanatumu ni mzee. Ataka kumsomea baba yake hitma, kisomo cha kumwombea marehemu. Lakini atamsomeaje hitma bila kujua kama amekufa?

Mjukuu wake, Fadhiya, alimpeleka maktaba. Huko kuna kompyuta yenye orodha za mabaharia wa zamani. Fadhiya aliandika Mwinyikombo. Hakuna. Akaandika tena, polepole. Hakuna.

"Twende zetu," alisema bibi. "Fairuz kanishinda."

Rispah, mfanyakazi wa maktaba, alisikia. Akavuta kiti.

"Shikamoo, bibi. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu. Baba yangu."

"Orodha hizi ziliandikwa na makarani wa meli. Walijua Kiswahili?"

"Hata! Wangekijulia wapi?"

"Basi kila mmoja aliandika alivyosikia. Na kompyuta haibahatishi. Herufi moja ikitofautiana, inasema hakuna."

"Jina letu laandikwa namna moja tu!"

"Kwenu, ndiyo. Karani hakuwauliza." Rispah alicheka. "Tuandike herufi tunazoziamini tu. Penye shaka tuweke nyota. Nyota hushika nafasi ya herufi zozote, ziwe chache au nyingi. Alama ya kuuliza hushika nafasi ya herufi moja tu."

Akaandika: M*omb?

"Mwanzo ni M, hapo hatuna shaka. Katikati hatujui, ndipo penye nyota. Hiyo omb yasikika wazi. Herufi ya mwisho yaweza kuwa o, yaweza kuwa u, ndipo penye alama ya kuuliza."

Yakatokea majina mia mbili na kumi na nne. Fadhiya alishika kichwa.

"Usiogope," alisema Rispah. "Sasa tunapunguza. Weka mwaka. Weka bandari."

Fadhiya aliweka 1953 hadi 1956, kisha Mombasa. Yakabaki sita. Akasoma la nne.

"Osman Muinicombo."

"Huyo si wetu!" bibi alifoka. "Kombo gani hiyo? Na Osman ni nani?"

"Huenda ni Athmani, bibi," alisema Rispah. "Lakini usikubali kwa jina peke yake. Majina hufanana. Mama yako aliitwa nani?"

"Esha binti Shee. Wa hapa hapa Kibokoni."

Rispah alifungua ukurasa wa baharia huyo. "Mke: Esha Shee, Kibokoni. Watoto: mmoja, wa kike."

"Ndimi," alisema Bi Mwanatumu. Sauti ilikuwa ndogo. "Ndimi huyo. Soma, mwanangu."

"Alifariki kwa homa, Machi 1954. Pole, bibi. Meli ilikuwa imetoka Bombay, inakuja Mombasa."

"Alikuwa njiani? Akija kwetu?"

"Ndiyo. Zilibaki siku mbili."

Bi Mwanatumu alisimama. Machozi yalimtoka, na kigelegele kikamtoka. Watu wote waliinua vichwa.

"Bibi! Hapa ni maktaba!"

"Nimengoja miaka sabini. Nao wangoje kidogo!"

Rispah alichapisha ukurasa ule. Wiki hiyo Fadhiya alirudi maktaba na majina ya ndugu waliopotea wa majirani watatu. Kila jina aliliandika kwa nyota, kisha akapunguza kwa mwaka na mahali. Wawili walipata watu wao. Mtu wa jirani wa tatu bado anatafutwa.

Alhamisi nyumba ilijaa. Misahafu iligawanywa, ubani ukafukizwa. Maalim aliuliza, "Hitma ni ya nani?"

Bi Mwanatumu alijibu yeye mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, hadi kwa Bi Fairuz.

"Athmani bin Mwinyikombo. Baba yangu. Alikufa akirudi nyumbani."