Pipa la Koko Berthe Lapata Kazi Mpya

Kila Jumanne asubuhi, moshi wa kwanza katika mtaa wa Mususa, mjini Butembo, ulitoka uani kwa Kavuo. Majirani waliuona na kusema, "Mama Shalom ameamuka." Walimwita hivyo kwa jina la binti yake wa kwanza. Na kweli, Mama Shalom hakuwa mtu wa kulala jua likimwangalia.

Uani kulikuwa na pipa la shaba. Nje lilikuwa jeusi kwa masizi, lakini ukiligonga lililia vizuri kuliko kengele ya shule. Pipa hilo lilikuwa la mama yake, Koko Berthe, yaani Bibi Berthe. Kwa miaka arobaini Koko Berthe alitia humo kasiksi, yaani pombe ya ndizi, akaichemsha. Mvuke ulipita katika bomba, bomba likapita katika maji baridi, na pombe kali ikadondoka tone kwa tone. Kwa matone hayo alisomesha watoto sita. Kavuo aliianza kazi hiyo akiwa bado amebebwa mgongoni.

Sasa kulikuwa na neno. Lusenge, mume wa Kavuo, fundi wa kuchomelea vyuma, alichaguliwa kuwa shemasi kanisani. Wazee wa kanisa wakamwita.

"Shemasi, kwako kunatoka pombe inalewesha batoto ba batu. Iko vizuri?"

"Hapana, haiko vizuri," alijibu Lusenge. Akatoa ahadi. Pipa lingepata kazi safi kabla mwezi haujaisha. Likikosa, lingeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalikate vipande.

Kavuo hakugombana na kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka na walevi mlangoni, na aliwafungia siku ileile. Lakini kila alipofikiria pipa la mama yake likipitishwa msumeno, roho ilimuuma.

Kazi safi ikaonekana. Kituo cha afya cha mtaa kilihitaji alkoli ya kusafisha mikono. Watu wa Butembo na Beni hawajasahau miaka ya Ebola. Wanajua mkono mchafu unaweza kuleta nini. Ila alkoli ilitoka mbali, na barabara ikifungwa, chupa zilibaki tupu.

"Mama Shalom," alisema Paulin, muuguzi mkuu wa kituo, "ukituletea alkoli ya degré makumi munane, tutaichukua kila juma. Chini ya hapo, haiue mikrobi vizuri."

Maana yake ni hii: katika sehemu mia za kimiminika, themanini ziwe alkoli tupu. Kavuo alicheka. Themanini ni nini kwa binti wa Koko Berthe? Alirudi nyumbani akawasha moto mkubwa, maana aliamini moto mkali huzaa pombe kali. Matone yalikimbia. Alichoma kidogo katika kijiko kwa kibiriti, yakawaka rangi ya buluu. Akafunga bidoni, yaani dumu la plastiki, akaenda kifua mbele.

Paulin alitumbukiza kipimo cha kioo. Akasoma. Akasoma tena.

"Mama, iko makumi ine na sita."

"Haiwezekani! Inawaka na kibiriti!"

"Hata yenye nusu mayi inawaka, mama. Kibiriti hapana kipimo."

Kavuo alirudi kwa njia ya nyuma ili asikutane na watu. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, na siku hiyo aliujua ukweli huo vizuri.

Jirani yake Christa, anayefanya kazi katika maabara ya kituo, alimfuata mpaka nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akalitazama pipa. Alisema akichanganya Kifaransa kama wengi wa huko: mais ni lakini, donc ni kwa hiyo.

"Mama Shalom, ndani ya kasiksi muko mayi, muko na alkoli. Alkoli inachemka mbele, mayi inachemka nyuma. Mais ukiweka moto mukali, byote binatoka mara moja, binasukumana ku mulango. Donc unapata mayi mingi ndani ya alkoli."

"Na sisi siku zote tunaongezaka kuni!" alisema Kavuo.

"Na tone za kwanza munazifanyaka nini?"

Koko Berthe, aliyekuwa akichambua maharage kando, alijibu kwa fahari. "Ile ni ya heshima. Katika nyumba yetu tone ya kwanza ni ya mukubwa. Kaka yangu Malachie njo anaikunywaka."

"Na kichwa inamuumaka?"

Lusenge, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, aliangua kicheko. "Siku mbili! Analalaka na kitambaa ku kichwa. Tunamuambiaka, heshima iko nzito, muyomba!"

Christa hakucheka. "Ndani ya tone za kwanza munaweza kuwa sumu. Ile sumu inachemka mbele ya alkoli yenyewe. Inaweza kuharibu macho, inaweza hata kuua. Ile ni ya kumwaga mu shimo, mbali na moto."

Koko Berthe aliacha maharage. "Donc miaka yote nilikuwa napatia ndugu yangu sumu na mikono mbili?"

"Haukujua, Koko. Sasa unajua."

Kisha Christa akamgeukia Lusenge. Alitaka bomba refu la chuma kisichoshika kutu, lisimame wima juu ya pipa. Ndani lijazwe nyuzi za chuma safi, zile za kusugulia sufuria. Lusenge aliuliza bomba hilo litafanya nini.

"Papa, unaona bale ba mama ba samaki banapandisha kilima kutoka Kyavinyonge, kule ku ziwa? Mwenye muzigo nzito anachoka ku kona ya kwanza, anarudia chini. Mwenye muzigo mwepesi anaendelea. Ku kila kona, wengine banarudia. Ile inafika kule juu, iko myepesi tu. Mvuke njo vile. Mayi itagusa chuma, itapoa, itarudia mu pipa. Alkoli itapanda."

Lusenge alikuwa mtu wa mzaha, lakini si kwa chuma. Siku mbili alipima, alikata, alichomelea. Bomba lilisimama refu kumpita yeye mwenyewe. Juu yake waliweka kipimajoto, wakaunganisha lile bomba la zamani linalopita katika maji baridi. Bidoni ya kupokea matone waliisogeza mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa alkoli hushika moto kwa haraka.

Christa alifungua daftari lake la zamani la shule. "Alkoli inachemka ku makumi saba na nane. Tungojee pale."

Walimwaga matone ya kwanza shimoni. Kipimajoto kilifika sabini na tatu, kikasimama. Matone yalidondoka polepole. Wakangoja. Sabini na tatu tu.

"Imekwama," alisema Kavuo. Akaongeza makaa. Kipimajoto kikapanda mpaka sabini na nane, kikapita, na matone yakaanza kukimbia. Wote wakapiga makofi.

Walipopima kwa kipimo cha kioo alichokileta Christa kutoka kituoni, alkoli ilikuwa sabini na moja. Afadhali kuliko arobaini na sita, lakini haikutosha. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Kavuo alikaa chini, akaweka kiganja juu ya shaba ya moto kidogo. Christa alifunga daftari kwa aibu.

Koko Berthe alikohoa. "Christa mwanangu, ulisomea wapi?"

"Beni, Koko. Mais hii namba iko ya kitabu."

"Mimi nilizaliwa Beni. Kule maharage yanaivaka mbio. Nilipoolewa huku juu, niliona sufuria inachemka mapema, mais maharage hayaive. Yanakula makaa mpaka unalia. Mama-mukwe alisema miye muvivu." Alionyesha pipa kwa kidole. "Mayi ya huku inachemka mbele ya kupata moto ya kutosha. Sasa alkoli itakosaje kufanya vile?"

Christa alisimama wima. Akajipiga paji la uso.

"Koko! Kitabu iliandikwa kwa batu ba ku bahari! Huku ku milima kila kitu inachemka mapema. Beni iko chini kidogo, Butembo iko juu zaidi. Makumi saba na tatu, ile haikukwama. Ile njo alkoli yetu!"

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kavuo alimtazama kwa fahari mama yake, asiyejua kusoma.

Kesho yake walirudia. Moto mdogo wa makaa. Matone ya kwanza shimoni. Kipimajoto kilipofika sabini na tatu, Kavuo hakugusa makaa. Alikaa mbele ya pipa kama anayelinda mtoto aliyelala. Kipimajoto kilipoanza kupanda, alitoa bidoni. Matone yaliyofuata yalikuwa na maji mengi, akayaweka kando yachemshwe tena.

Ijumaa walikwenda kituoni wote, Koko Berthe akiwa na kitenge chake cha sikukuu. Paulin alitumbukiza kipimo.

"Makumi munane na sita!" alipaza sauti. "Mama Shalom, umetupita!"

Kavuo alisema bila kuficha, "Niko na furaha, niko na majivuno leo, Mungu anisamehe." Lusenge, shemasi mzima, alipiga mluzi mbele ya wagonjwa.

Paulin alichanganya dawa kwa vipimo vyake, akajaza chupa, akabandika karatasi: ya mikono, si ya kunywa. Kisha akamwelekezea Kavuo chupa hiyo, ajaribu yeye kwanza.

"Hapana," alisema Kavuo. "Katika nyumba yetu, tone ya kwanza ni ya mukubwa."

Aliimimina katika viganja vya mama yake. Koko Berthe alisugua mikono polepole, kidole kwa kidole, ile mikono iliyobeba kuni miaka arobaini. Alinusa. Machozi yakamtoka huku anacheka.

"Wasingya, mwanangu," alimshukuru kwa Kinande. "Sasa mwiteni Malachie. Heshima ya leo haitamuumiza kichwa."

Jumanne iliyofuata, moshi mwembamba ulitoka uani kwa Kavuo, na wazee wa kanisa walipopita walisimama kumsalimia.