Kitufe cha Mlangoni

Yaliyompata Anouar, fundi redio wa mtaa wa Buyenzi, alinieleza mwenyewe, naye ni mbishi asiyeamini hata kikohozi cha jirani. Mwaka wa tisini na tano, wakati wa vita, aliitwa kwenye depo ya chumvi isiyo na dirisha, atengeneze swichi. Ukibonyeza kitufe cha mlangoni, kwa ndani, taa inawaka, ukibonyeza tena inazimika. Sasa ilikuwa inawaka yenyewe.

Hajafungua hata kisanduku chake, risasi zikaanza kulia barabarani. Mlinzi, mzee Anselme, akamfungia kwa nje.

"We kaa humo! Na taa isiwake. Wanapiga kila mahali wanaona mwangaza."

"Mzee, funguo unapeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu! Mi nina watoto!" Sauti ya miguu yake ikapotea.

Giza lilipoingia, kitufe kikalia, tak! Taa ikawaka chini ya paa, mwangaza ukapita chini ya mlango. Anouar akakibonyeza upesi, ikazimika. Nje, viatu vilivyokuwa vikipita vikasimama.

Akajiambia mbovu ni chipu, kile kidude cha miguu minane ndani ya swichi kinachopokea amri ya kitufe na kuwasha au kuzima taa. Akaing'oa kwa kupapasa, akaiweka mfukoni. Akafungua na nyaya za batri iliyokuwa ikiwasha taa, akaipakata batri yenyewe kama mtoto. Viatu vikasogea.

Tak!

Taa ikawaka. Anouar akatazama mlangoni. Kitufe kilikuwa kimezama ukutani, kisha kikarudi nje polepole, kama kinachoachiliwa na kidole.