Reli ya Sebuleni

Ndugu zangu, nisikilizeni niwasimulie yaliyoikuta nyumba ya mdogo wangu. Nyumba za namna hiyo ni nyingi, na huenda hata yako ni mojawapo.

Mume wake ni fundi saa. Mtaani tulimwita Stesheni Masta, kwa sababu sebuleni kwake palikuwa na reli. Treni ndogo, kila behewa kama kidole, zilizunguka mji aliouunda mwenyewe mezani kwa maboksi ya viatu na vijiti vya kiberiti. Tulimcheka sana. Lakini Jumapili mchana ungewakuta wote watatu wameuinamia mji ule: mama anakata mapazia ya karatasi, binti yao anapaka mapaa rangi, baba anapiga filimbi treni iondoke. Chai inapoa na hakuna anayejali. Ilikuwa nyumba yenye raha.

Kisha shemeji akaanza kugonga milango kwa bega. Akipita ukumbini anamkanyaga paka. Treni ikifika pembeni mwa meza anauliza imekwenda wapi, nayo iko palepale. Akanunua taa kubwa zaidi.

"Baba, hili dirisha umelibandika juu ya mlango," binti alimwambia siku moja.

"Mafundi wa mji huu walevi," akajibu, wakacheka.

Mdogo wangu hakucheka. "Mume wangu, twende ukapimwe macho."

"Yamechoka tu. Nashinda na saa za watu."

"Ndiyo maana nasema twende."

"Nikimaliza daraja hili."

Daraja likaisha, likaja handaki. Handaki likaisha, ikaja stesheni mpya. Msidhani, ndugu zangu, kwamba mchezo ndio uliomharibu. Shemeji alikuwa anaogopa. Fundi saa asiyeona ataitwa nani? Pale mezani hakuna aliyemuuliza hilo, basi akaganda palepale. Mkewe alibembeleza, akanuna, akalia, mwishowe akanipigia simu. Nilikwenda.

"Shemeji, naomba unisikilize."

Alinivutia kiti, akanionyesha jinsi handaki linavyofunguka. Nikarudi kama nilivyokwenda. Mtu mzima utambebaje mgongoni?

Alikubali siku alipoiharibu saa ya mteja, akidhani skrubu imekaa mahali pake. Daktari alimchunguza kwa muda mrefu.

"Hii ni presha ya macho," alisema. "Mara nyingi haiumi. Inakula uoni wa pembeni kwanza, mtu hajui. Ungekuja mapema tungejaribu kuizuia. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

"Na miwani je?" mdogo wangu akauliza.

"Miwani haitarudisha, mama."

Shemeji alinyoosha mkono kuutafuta wa mkewe, akapapasa upande ambao mkewe hakuwepo.

Sasa anatiwa dawa ya matone kila siku. Jicho moja limezima, la pili linaona kama kwa tundu la ufunguo. Kibanda cha saa amekifunga. Jumapili binti humwashia treni, naye huupapasa mji kwa vidole, mapaa yakabonyea. Binti huyanyoosha, na Jumapili ijayo hubonyea tena.

Mdogo wangu aliniuliza kama aiondoe ile meza. Nikamwambia amuulize mumewe.

"Iache," alisema. "Ila mniambie inapita wapi."

Basi mke na binti humwambia: sasa iko darajani, sasa inaingia handakini. Yeye hutikisa kichwa. Sisi wageni tunakaa tunasikiliza, hatuna la kufanya.

FUNZO

Cheza, unda, kusanya ukipendacho. Nyumba isiyo na mchezo ni nzito. Lakini mchezo usiufanye maficho ya hofu yako. Ugonjwa haukungoji umalize daraja. Kapimwe ukiwa bado unaona vizuri, na wa nyumbani kwako wakikusihi, inuka siku hiyohiyo. Wanaokupenda wanaweza kukubembeleza, wanaweza kukushika mkono. Kukuazima macho hawawezi.