Sifuri Kwenye Multimita

Jumamosi mchana, soko limejaa mpaka watu wanapita kwa ubavu, cherehani ya mshonaji ilizima katikati ya mshono. Alikuwa amevaa blauzi ya njano, futi ikining'inia shingoni, na mteja wake amesimama kando akinuna.

"Wewe mwenye begi!" alimwita kijana aliyekuwa anapita. "Fundi viatu au fundi umeme?"

"Umeme, dada. Viatu vyangu mwenyewe vimenishinda."

Fundi akatoa multimita, akachomeka ncha zake mbili kwenye soketi. Namba zikapanda hadi mia mbili na thelathini. "Ukutani umeme upo." Akafungua plagi, akagusa fyuzi huku na huku kwa ncha zile, akingoja multimita ilie. Kimya. "Huyu ndiye marehemu wetu."

"Pole kwa msiba," alisema mshonaji. Wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakulaje sijakuona?"

"Basi utakufa njaa, mimi nina magauni sita."

Walikuwa wameshaanza kuzungumzia ndoa soketi ile ilipolegea. Fundi alizima swichi kwenye boksi la umeme, akapima. Sifuri. "Nishikie waya hizi, laazizi, nikaze skrubu." Mshonaji akazishika. Kumbe swichi iliyozimwa ilikuwa ya duka la jirani. Umeme ulimng'ang'ania mpaka fundi alipomsukuma kwa kigoda cha mbao, ukamwachia vidole vitatu vya mkono wa kulia visivyokunjika tena.

Hospitalini mshonaji alikuwa akilia, "Mjinga mimi! Nimeshika pasipotakiwa." Fundi alimfuta machozi tu.

Siku ile ile, nyumbani kwake, alipima soketi yenye redio inayoimba. Sifuri. Waya mwekundu wa multimita ulikuwa umekatika ndani, ganda lake zima. Angeijaribu kwanza penye umeme, kama alivyofundishwa, angejua. Akanunua waya mpya, asimwambie mtu. Akapunguza kwenda kumwona, kisha akaacha kupokea simu. Mshonaji akajua kaachwa kwa sababu ya mkono.

Mwezi wa tatu baada ya ajali, fundi akaja. Alimkuta mshonaji peke yake, amevaa gauni la bluu la mikono mirefu, anafungasha vitambaa awarudishie wateja.

"Sema tu hutaki mwanamke wa vidole saba."

"Si hivyo. Mita yangu ilikuwa mbovu. Sikuijaribu kwanza. Ulishika pale pale nilipokwambia."

Mshonaji aliketi. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Mkono ni ajali, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini miezi mitatu najiita mjinga, mama yangu naye ananiita mjinga. Wewe ulinisikia, ukanyamaza?"

Fundi aliweka begi lake chini. "Niambie nifanye nini."

"Huna la kufanya."

Mshonaji alisimama, akahangaika na kifungo cha mkono wa gauni. Kikamtoroka mara mbili, mara tatu. Akamnyooshea mkono bila kumtazama.

"Nifunge hiki. Wateja wananingoja."

Fundi akakifunga taratibu. Machozi yake yakadondoka juu ya kile kitambaa cha bluu, na mshonaji hakuyafuta.

"Tayari?"

"Tayari."

"Haya. Nenda kamwambie mama yangu. Halafu usirudi."