Hodi kwenye Mlango wa Kijani

"Tiketi ni ya wawili, madam. Hatuuzi ya mtu mmoja."

Jepkemboi alikuwa amesimama kwenye foleni nusu saa nzima, na jibu hilo lilimchoma. Ghala lile la zamani la reli mjini Naivasha, ambalo siku hizi limegeuzwa jumba la sanaa, lilikuwa limefurika watu Jumamosi hiyo. Wanafunzi walisukumana, maharusi wawili waligombea ukuta mmoja wa kupigia picha, na mlangoni bango lilisema: PICHA NA MASHUA. Asubuhi utazame michoro, mchana uzungushwe mtaa wa Kihoto kwa maji. Kihoto ulikuwa mtaa kama mitaa mingine mpaka ziwa lilipopanda likaumeza. Sasa njia zake zilikuwa mifereji, na mashua zilipita pale bodaboda zilipokuwa zikipita.

"Nilipe mara mbili basi," alisema Jepkemboi.

"Shida si pesa," alijibu Zeddy, mwanamke wa dirishani. "Mashua ni nyembamba. Ina kiti kulia na kiti kushoto. Ukikaa peke yako inalala upande."

Sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake, "Dada, hata mimi ni nusu tiketi. Tukiunganishwa tutakuwa moja."

Jepkemboi aligeuka. Aliona mtu mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likanyooka kwa adabu, lakini kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu. Naye yule mtu aliona gauni la rangi ya damu ya mzee, sweta nyeusi, na macho ya mwanamke asiyedanganyika kwa urahisi.

"Unaitwa nani, nusu?"

"Joash Makhanu. Naandika mabango ya maduka kule Rhonda, Nakuru. Ukiona kinyozi amechorwa na kichwa kikubwa kuliko mwili, ujue ni kazi yangu."

"Jepkemboi. Napima mbao Elburgon."

"Ndiyo maana unanukia msonobari. Nilidhani ni marashi."

Alicheka bila kupenda, na tiketi ikakatwa.

Walipita picha moja baada ya nyingine, wakitaniana kama watu waliojuana shuleni. Mzaha wa Joash uliisha ghafla mbele ya picha ya mwisho. Ilikuwa picha ya nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani na dirisha lenye pazia jeupe. Chini yake kibandiko kilisema: *Nyumba, Kihoto. Mchoraji hakutaka kutajwa.* Joash alisogeza uso karibu kabisa na turubai, kama mzazi anayesikiliza kama mtoto bado anapumua.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama kuna mtu."

"Wapi?"

"Dirishani."

"Hakuna mtu, Joash. Ni pazia tu."

"Vizuri," alisema, akashusha pumzi.

Jepkemboi aliujua mlango ule. Alivuta sweta yake, akageukia mlango wa kutokea. Mtu hamfungulii mgeni msiba wake kabla hata hawajanywa chai pamoja.

Mchana, ukungu ulikuwa bado haujaondoka ziwani. Mpiga kasia aliitwa mzee Wasike, naye alikuwa na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kuingia kwenye mfereji wa kwanza aliwageukia.

"Huu bado ni mtaa wa watu," alisema. "Hata yangu iko humu, ile yenye dishi. Kwa hivyo mimi hupiga hodi kila nyumba. Lakini nyinyi msijibu. Anayejibu hodi ni mwenye nyumba, na wenye nyumba hawako."

Waliingia. Gugu maji lilisugua ubavu wa mashua. Nguo ya mtoto ilikuwa bado imeanikwa kwenye kamba, ikigusa maji kwa ncha ya mkono. Kwenye duka moja bei ya unga ilikuwa ingali imeandikwa kwa chaki juu ya mstari wa matope. Hakukuwa na jogoo wala redio, na kila mara Wasike alipotamka "hodi" kwa sauti ya chini, ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kuliko ilivyopasa.

Wakafika kwenye mlango wa kijani.

"Hodi," alisema Wasike.

"Karibuni," alijibu Jepkemboi.

Kasia lilisimama majini. "Nani amejibu?"

"Ni mimi. Nisamehe, mzee, limenitoka tu." Alijifunika mdomo kwa kiganja. "Hapa ni kwa shangazi yangu, Cheptanui. Likizo zangu zote nilizimalizia hapa. Yeye alikuwa jikoni, na mimi ndiye niliyekuwa wa kuitikia hodi."

Joash aliinama akatumbukiza mkono ndani ya maji, kama aliyeungua.

Katikati ya mlango palikuwa na duara jeupe lililokatwa na mstari. Jepkemboi aliuliza ni la nini.

"La kamati ya misaada," alisema Wasike. "Maji yalipoanza kupanda, nyumba iliyohamwa ilitiwa hiyo, ili mashua za uokoaji zisipoteze muda kusimama."

"Lakini yeye hakuwa amehama. Tulimpata siku ya kumi na moja, amekufa kitandani, kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Mashua zilikuwa zikipita hapa kila siku." Alilitazama lile duara. "Siku nitakayomjua aliyelichora, sijui nitamfanya nini."

Maji yalipiga mlango taratibu, kama kidole.

Pengine hapo ndipo Joash angesema. Hakusema. Alimshika mkono kumsaidia kushuka gatini, na mkono ule haukutaka kuachwa.

Baada ya hapo ikawa simu. Elburgon mvua ilipopiga mabati ya kiwanda cha mbao, Jepkemboi alisimama nyuma ya mrundo wa magogo, simu sikioni.

"Mama Mbao, umekula?"

"Bwana Rangi, nimekula. Wewe umechora nini leo?"

"Mbuzi wa bucha. Mwenye bucha anasema anafanana na mjomba wake."

"Na anafanana?"

"Sasa nimemwona huyo mjomba. Anafanana."

Mara nne Joash alipanda kwenda Elburgon, na mara nne Jepkemboi aliteremka Nakuru, wakala samaki, wakatembea mpaka viatu vikawauma. Alimpenda. Kitu kimoja tu kilimtatiza. Katikati ya kicheko Joash angenyamaza, akawa kama anasikiliza mtu aliye chumba cha pili.

Mwezi wa tatu Jepkemboi akampigia akiwa na furaha. "Mpenzi, mama anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Njoo nyumbani Jumapili. Na uwe umejiandaa. Kwetu shangazi ndiye huuliza maswali magumu kwanza, lakini wetu hayuko, kwa hiyo umepona."

Upande wa pili brashi ilianguka sakafuni.

"Joash?"

"Betri inaisha," alisema.

Haikuwa betri. Simu haikupatikana siku hiyo wala wiki hiyo. Kisha ukaja ujumbe: *Nisamehe. Mimi si mtu wa kuletwa kwenu.*

"Ana mke," alisema Kimberly, aliyefanya naye kazi. "Dada, hiyo ni lugha ya mtu mwenye mke. Uliza mimi."

Jepkemboi alilia siku mbili. Siku ya tatu alivaa lile gauni la rangi ya damu ya mzee, kwa sababu mtu anayekwenda kudai ukweli haendi na matambara, akashuka Naivasha.

"Ni ya wawili," alisema Zeddy.

"Nipe. Kiti kingine kitakaa bure."

Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya mwisho.

Dirishani palikuwa na mtu.

Pazia jeupe lilikuwa limepasuka na kukunjamana, na ndani yake, kana kwamba alikuwa akisogea mbele hatua kwa hatua, alikuwapo mwanamke mzee mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Kichwa kilikuwa kimeinamia kushoto kidogo. Mtu mmoja tu duniani aliinamisha kichwa hivyo, alipotaka kukataa jambo bila kubishana.

"Amerudi tena," alisema Zeddy nyuma yake. "Humu kuna unyevu tangu ziwa lipande. Mchoraji amemfunika mara tatu na rangi nyeupe, na mara tatu ametokeza. Mwenyewe anasema alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, na hiyo haishiki. Sasa nikuulize, fundi wa rangi asijue hilo? Mara tatu?"

"Mchoraji ni nani?"

Zeddy alishangaa. "Si Joash? Yule wako. Huja hapa kila Jumamosi kumwangalia."

Shaka ya mke ikafa pale pale, na mahali pake pakaingia kitu kizito zaidi. Joash alimjua shangazi. Alijua, alipokaa katika ile mashua na kunyamaza.

Gatini, Wasike alikuwa ameandaa mfuko wa mchanga wa kuweka kwenye kiti kitupu. Jepkemboi alimharakisha, wakaondoka. Walikuwa wamepita nyumba yenye dishi ndipo mzee alipogutuka. Alitazama kiti cha kulia, akageuka kutazama gati.

"Mfuko nimeuacha," alisema.

"Basi mbona hatulali upande?"

Mashua ilikuwa imekaa sawa kama meza. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Wasike alipiga kasia polepole, kama mtu aliyembeba mzee anayeogopa kutikiswa.

"Hodi," alisema kwenye mlango wa kijani.

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani.

Jepkemboi alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Mlango ulivutwa, maji yakazunguka, na Joash akatokea akiwa ndani ya maji mpaka mapajani, msasa mkononi, shati jeupe limelowa matope.

"Mungu wangu," alisema Wasike. "Wewe umefikaje humo?"

"Ogada mvuvi alinileta alfajiri." Alimtazama Jepkemboi, akatazama chini. "Nilisikia hodi. Hakuna mwingine wa kuijibu."

"Unafanya nini kwa shangazi yangu?"

"Nafuta." Duara lilikuwa limebaki nusu. "Mimi ndiye niliyelichora. Kamati ilitafuta mtu mwenye brashi, nikapewa mtaa huu. Nilipofika hapa alikuwa dirishani, na kile kitambaa cha manjano. Nikamwambia, 'Mathe, maji yanakuja.' Akasema, 'Weka alama yako, kijana. Nguo zangu nimefunga, nasubiri tu mtu wa kunibeba.' Nikaweka. Nilikuwa na milango arobaini mbele yangu, na jua lilikuwa linashuka. Sikurudi kuhakikisha. Nilisikia habari yake pamoja na kila mtu."

"Na ukanisikiliza hapa nikisema nitamfanya nini huyo mtu."

"Nilikusikia. Ndiyo maana sikuweza kusema, na ndiyo maana sikuweza kuja kwenu. Ningekula chakula cha mama yako na mkono huu?"

Maji yalipiga ukuta. Wasike alijishughulisha na kamba ambayo haikuhitaji kufungwa.

Jepkemboi hakumtazama Joash, bali lile dirisha.

"Jioni ile nilimpigia simu. Nikamuuliza, 'Shangazi, umehama?' Akasema, 'Nimehama, niko kwa rafiki yangu mjini, nimelala mahali pakavu.' Nikasikia vyura. Joash, nilisikia vyura kwenye simu, wengi, karibu kabisa. Nikajiambia hata mjini wako. Kiwandani kulikuwa na lori linasubiri kupimwa, na nilitaka kumwamini." Akajipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama."

"Alitudanganya wote wawili."

"Hakutaka kutoka kwake. Na alijua vizuri ni nani wa kudanganya. Wewe mwenye haraka na mimi mwenye haraka."

Alinyoosha mkono. "Nipe huo msasa."

Alishuka majini na gauni lake lile lile. Walikwaruza bega kwa bega mpaka mlango ukabaki kijani na alama ya mviringo ya mbao tupu. Alipitisha kidole juu yake. "Msonobari," alisema. "Mbao hii ilitoka kwetu."

"Jepkemboi, ikiwa bado kuna nafasi ya kuja Elburgon, nitakuja kwa magoti. Nataka kukuoa. Lakini nitamwambia mama yako kila kitu kwanza."

"Na mimi nitamwambia ya vyura." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo pembe ya mdomo ilicheza. "Lakini nilikuambia taratibu za kwetu. Kwanza unapita kwa shangazi."

Joash alielewa. Alivuta mlango ukafungika, akasimama mbele yake kama mkwe, akijaribu kufunga kifungo cha shati kilichojaa matope.

"Hodi," alisema.

Gugu maji likaacha kutikisika. Walisubiri. Wasike alikuwa amefungua mdomo kusema warudi, ndipo kitu kilipogonga mlango kwa ndani. Kikagonga mara ya pili, na ya tatu, bila haraka.

"Ni kiti," alisema Wasike. "Viti huelea." Lakini alivua kofia.

"Amekubali," alisema Jepkemboi.

Walipanda mashua wakakaa pamoja kiti cha kushoto, wamelowa, wakitetemeka, na papo hapo mashua ikalala upande, maji yakaramba ukingo.

"Mtanizamisha. Mmoja aende kule."

Wote watatu walikitazama kiti cha kulia. Kilikuwa ubao tu sasa, na vumbi juu yake. Jepkemboi alikipangusa kwa kiganja, akahamia pale.

"Kuna nafasi," alisema, akanyoosha mkono. Joash akaushika kutoka upande wake, na mashua ikasimama sawa.