Goli Lilichelewa Kona Mbili

SAA TANO ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, mtaani Huruma, na kila kitu humo kilikuwa cheupe kwa unga: kuta, magunia, hata kope za Shitanda. Thuo alisukuma sahani ya mutura, ile soseji ya matumbo na damu, kando, akafuta meza kwa kiganja, akaweka bastola katikati. Mguu wa kuku, ndivyo walivyoiita, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Haya, profesa," akamwambia Kiplimo. "Tusomee mechi."

Kiplimo alikohoa. Alikuwa amesomea takwimu chuo cha Chepkoilel, akatembeza vyeti hadi soli zikaisha, kisha akaanza kuuza utabiri wa mechi kwa simu. Leo wateja wake walikuwa wawili tu.

"Timu yetu ya taifa, Stars, na Malawi, uwanja wa Kasarani, saa kumi. Mechi ya kufuzu. Stars lazima washinde, Malawi sare inawatosha. Kwa hivyo watajifungia nyuma, mabeki watano. Kipindi cha kwanza usiwekee goli pesa. Stars watapata kona nyingi na kupaisha. Lakini Malawi huchoka. Tip yangu ni moja bila. Kona, kichwa, kipindi cha pili."

"Na odds?" Shitanda akauliza.

"We, unabet ama unaiba?"

"Naweza fanya zote, buda."

Thuo alicheka, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Alichora kwa kidole kwenye unga uliobaki mezani. Hapa barabara. Hapa baa. Hapa, mkabala na baa, Kona Mbili, ukumbi wa kubeti. Nyuma yake kuna uchochoro na mlango wa chuma unaoingia moja kwa moja kwenye kaunta. Mlango huo hauvunjiki bila kelele, na mbele ukumbini hukaa afande mwenye bunduki.

"Stars wakifunga, ukumbi mzima unalipuka. Hapo Shitanda anashusha nyundo. Nani atasikia? Profesa ana redio sikioni, yeye ndiye anasema sasa. Sitaki tuvunje mlango kwa sababu mtu amekosa goli."

"Kelele ya kukosa hukatika," Kiplimo akasema. "Kelele ya goli ina mkia."

"Umesikia? Ndiyo maana ya shule. Na wasipofunga, tunaingia filimbi ya mwisho. Leo haturudi mikono mitupu."

"Na hakuna damu. Tulikubaliana."

"Hakuna damu, profesa."

Kiplimo alimwamini. Alikuwa mtu wa kuamini. Hilo ndilo lililomfikisha pale. Alichoficha ni kimoja tu. Msichana wa kaunta, Jerop, alikuwa dada yake, tumbo moja. Ndiye aliyemlipia muhula wa mwisho. Habari zote za mlango ule zilitoka kinywani mwake, jioni, wakila ugali na mursik, maziwa ya kibuyuni, bila yeye kujua anachota maji ya kumzamisha nani.

Jana alikuwa amemwambia, "Kesho usiende kazi."

"Stars wacheze nikae nyumbani? Umerogwa?" Jerop alicheka, akaendelea na kero zake. Runinga ya ukumbi inapita kwa intaneti, huchelewa. Baa wana dishi. Kila goli baa hushangilia kwanza, wateja wa ukumbi bado wanatazama mpira ukiwekwa chini. "Wanatutukana sisi! Ni kama goli tunaletewa na bodaboda."

Kiplimo hakuwaeleza wenzake hilo. Yeye ndiye angetoa ishara. Angesubiri tu ukumbi.

SAA KUMI KAMILI

Uchochoro ulinuka mkojo na mahindi ya kuchoma. Thuo alikusanya simu zote, akazitia mfukoni. Barakoa zikashuka. Kiplimo alibaki na kisikizi cha redio sikio moja.

DAKIKA YA 38

Bado bila bila. Kona saba, zote zimepaishwa. Malawi walikuwa wamejaa langoni kama walivyotabiriwa.

"Yule dada wa kaunta," Thuo akasema polepole, "nitamlaza."

"Kumlaza vipi?"

"Nimebet kwake mwezi mzima nikichunguza. Barakoa inaficha uso. Inaficha huu?" Alipiga paja la mguu wake wa kushoto, ule aliokuwa akiuburuta tangu avunjwe na polisi. "Hatua moja tu, atanijua."

"Tulisema hakuna damu."

"Tulisema. Kusema hakulipiwi kodi."

"Basi tuache, Thuo. Turudi."

Kitako cha bastola kilimpata mdomoni. Kiplimo alisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Thuo alimbana shingo ukutani, akamsogezea uso hadi barakoa zikagusana.

"Fungua tena huo mdomo, naanza na wewe. Sikiliza redio."

Shitanda alitazama chini. "Tulia, brathe," akanong'ona. "Tumalize tuende."

MAPUMZIKO

Kiplimo alimeza damu na kufikiri. Akimtaja Jerop kuwa dada yake, Thuo angewaua wote wawili. Akipiga kelele, risasi ingemtangulia, na nyundo ingeshuka tu. Akinyamaza hadi mwisho, mlango ungevunjwa filimbi ikilia, ukumbi ukipiga kelele, na Jerop angekuwa amekaa pale pale, ameupa mgongo.

Kwa mara ya kwanza maishani aliwaombea Malawi, goli lichelewe, apate muda wa kufikiri.

DAKIKA YA 71

Kona. Mtangazaji wa redio alipandisha sauti, ikapanda, ikapasuka. Kichwa! Sekunde chache baadaye baa ikalipuka. Chupa, mbinja, vuvuzela. Kelele yenye mkia mrefu.

Shitanda aliinua nyundo. "Ni goli? Profesa, ni goli?"

Ukumbini kulikuwa kimya. Huko mpira ulikuwa bado umewekwa kwenye kibendera, na watu wote wamezuia pumzi kama kanisani wakati wa sala. Ndani mle hata sarafu ikianguka ingesikika.

"Sasa!" Kiplimo akasema.

Nyundo ilishuka. Chuma kikalia kama kengele. Ndani mwanamke alipiga yowe, kisha miguu, ikikimbia, ikienda mbele, mbali na mlango. Pigo la pili. La tatu, kufuli likaruka.

Afande alikuwa ameshafika kaunta. Risasi mbili zilimwingia Shitanda kifuani, akaanguka juu ya nyundo yake. Thuo alifyatua ovyo ovyo. Kioo kikamwagika, benchi zikapinduka, watu wakalala sakafuni wakimwita Yesu.

Ndipo goli likafika Kona Mbili. Runinga ilipiga ukelele kwa sauti yote, wachezaji wakarundikana, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Thuo alisikia. Alitazama runinga, akaelewa, akamgeukia Kiplimo.

"Ulijua."

Risasi ilimpata tumboni. Kiplimo aliketi taratibu kwenye matope, kama mtu aliyechoka. Alimwona Thuo akikimbia, mguu akiuburuta, na mwisho wa uchochoro watu wa baa wakimiminika na bendera mabegani. "Mwizi!" Mawe yalianza. Thuo aliita jina la mama yake, mara moja tu.

Mkono ulimvua Kiplimo barakoa.

Jerop alikuwa na vipande vya kioo nyweleni. Hakulia. Alimtazama, kisha akavua sweta ya kazi, akaikandamiza kwenye jeraha kwa nguvu zake zote. Midomo yake ilianza kulitamka jina la kaka yake.

Afande alikuwa amesimama juu yao, bunduki bado inafuka moshi. "Mlijuaje huo mlango? Kuna mtu wa ndani. Madam, unamjua huyu?"

"Simjui huyu dada," Kiplimo akasema haraka, jino lililovunjika likimkata ulimi. "Sijawahi kumwona."

Mikono ya Jerop ilitulia kidogo. Akamtazama kaka yake machoni.

"Hata mimi simjui," akasema, na akaikandamiza zaidi ile sweta.