Robo ya Nne ya Kioo

Jumatano ya tarehe tisa Oktoba, saa tisa na dakika arobaini alasiri, dirisha la nne lilifunguka kwenye kompyuta ya Pao-chu. Hakulifungua yeye.

Pao-chu alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha kalenda mjini Tainan. Mumewe, Jung-fa, alikuwa msahihishaji mwenzake, mpaka moyo ulipomsimama kwenye meza ya kompyuta hiyo hiyo. Kazi ilikuwa nyingi, basi mjane alikalia kiti cha marehemu. Aliyapanga madirisha matatu, kila moja robo ya kioo: muswada, ukurasa uliopangwa, orodha ya siku njema na mbaya. Robo ya chini, kulia, aliiacha tupu. Kwa lugha yao, nne na kifo hukaribiana sana mdomoni. Jung-fa ndiye aliyejaza robo zote, akicheka, "Kifo hakijui hesabu, mama."

Sasa dirisha lile lilionyesha ukurasa wa mwisho wa Jung-fa, mwezi wa saba, mstari umekatika katikati.

Alilifunga. Likarudi. Akalifunga tena, na mara hii likaja na harufu ya mafuta ya mnanaa aliyokuwa akijipaka marehemu shingoni, kisha kikohozi kikavu, kile cha mtu anayetaka kusema jambo na anaona aibu, kisha kishale kikaanza kutembea peke yake, taratibu, kikipapasa mwanzo wa mstari kama kidole cha kipofu, na Pao-chu akabaki ameshika kiti kwa mikono miwili, kipanya kikibofya mbele yake bila mkono juu yake.

"Shemeji," alinong'ona Hung wa meza ya pili. "Nawe umesikia?"

"Nimesikia."

"Nilidhani ni mimi. Nikasema, Hung, acha pombe."

"Hung, sina nguvu za kucheka."

Hakuwa nazo kweli. Tangu mazishi, kila jioni alirusha mbele ya picha ya mumewe vile vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akiuliza, "Umefika nyumbani?" Kila jioni vilikataa. Siku ya arobaini na tisa tangu kifo ikipita roho haijafika, itatangatanga bila mlango wala bakuli la wali.

Alimpigia simu kuhani wa hekalu.

"Mlimwita wapi aje nyumbani?" aliuliza kuhani.

"Hospitali. Walikomtangazia kifo."

"Na pumzi ilimtoka wapi?"

Pao-chu alikitazama kiti alichokikalia.

"Basi mlimwita mahali ambapo hakuwapo, mama. Hajui kama amekufa. Yuko kazini."

Alilitwaa koti la Jung-fa msumarini, roho ipate kulifuata, akaliita jina lake mara tatu, akarusha vile vipande, alivyokuwa navyo mkobani. Vikakataa. Akarusha tena. Vikakataa.

"Unamjua bwana wako," alisema Hung. "Ataondokaje na ukurasa haujaisha?"

Basi akaketi, akaumalizia mstari ule, na mwingine, mpaka siku ya mwisho ya mwezi. Mkono mmoja wa koti ulikuwa begani mwake, nao ulikuwa na uzito. Akahifadhi. Dirisha likajifunga lenyewe.

"Baba, kazi imekwisha," alisema. "Twende nyumbani."

Vipande vikaanguka, kimoja kifudifudi, kimoja chali. Amekubali.

Njiani alimwambia kila kitu, kama inavyopasa. "Tunaingia kwenye lifti. Hapa ngazi. Sasa tunavuka daraja, nishike." Nyumbani, mbele ya picha, pale vilipokataa kila jioni, vipande vilikubali. Aliketi sakafuni, asiweze hata kulia.

Kesho yake aliyapanga madirisha matatu. Saa tisa na dakika arobaini ilifika, ikapita. Robo ya nne ilibaki tupu, naye akaitazama hadi jioni, akikitegea sikio kikohozi.

Buddha Amitabha ampokee Jung-fa, aliyechoka kabla siku haijaisha. Amkalishe pasipo na meza mbele yake.